Kiapo cha Wapinga Viapo

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote wanaoupenda ukweli, natangaza rasmi kwamba shule yetu ilivamiwa na Frimasoni siku ya Jumanne, saa saba na nusu mchana, kupitia mlango wa stoo ya karakana ya useremala.

Frimasoni huyo alikuwa na miaka kumi na sita, soksi moja imeshuka, na mkononi kipande cha chaki ya bluu alichokwapua darasani. Alikuwa mimi.

Naomba nisichukiwe mapema. Nafasi ya kunichukia ipo mbele, tena pana.

Shule yetu ni ya wasichana, ya bweni, na kama shule zote za bweni ina kengele nyingi na habari chache. Ndiyo maana Mchungaji wa shule alitufaa sana. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu, nasi tulimwita Tarumbeta. Alimiliki kipaza sauti chake binafsi, kile cha kuning'iniza begani, na alikitumia hata ndani ya kanisa letu dogo, ambamo mtu akipiga chafya benchi la mbele, wa benchi la nyuma anajifuta. Kwa Jumapili kumi na moja mfululizo alihubiri jambo moja tu: Frimasoni. Upendo, msamaha, wajane, wagonjwa, wote waliambiwa wasubiri zamu yao.

Kwa maelezo yake, Frimasoni walikuwa kila mahali ila pale alipokuwa amesimama yeye. Alituonyesha ishara zao katika daftari kubwa jekundu: pembetatu, jicho, nguzo mbili, bikari ya kuchorea duara, na skwea, kile chombo cha mafundi cha kupimia pembe.

"Wanaapa!" alinguruma. "Wanafunga milango, wanafunga mapazia, wanaapa kutunza siri ambazo hata hawajaambiwa! Nawauliza, mabinti, mtu anayeficha, anaficha nini?"

"Biskuti," alininong'oneza Nukta, rafiki yangu wa kitanda cha juu, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kimo chake.

Jumapili ya tisa Tarumbeta alipita madarasani na ndoo, akakusanya bikari zote kutoka kwenye visanduku vyetu vya hesabu. Sabini na nne. Mwalimu wa hesabu alimfuata hadi kwenye varanda.

"Mchungaji, mtihani uko baada ya wiki tatu. Watachorea nini duara?"

"Roho zao ni za milele, Mwalimu."

Milele haimo kwenye silabasi, kwa hiyo Mwalimu wa hesabu alirudi darasani. Tangu siku hiyo kidato chote cha tatu kilichora duara kwa kuzungushia kalamu kifuniko cha chupa ya mafuta ya nywele, na daftari zetu zikanukia vizuri mno.

Sasa, mtu mwenye akili timamu akiona mambo kama hayo anafanya nini? Analalamika kwa Mwalimu Mkuu. Mimi nilichukua chaki. Mchana ule karakana ilikuwa tupu, Fundi amekwenda kula kwake. Nikachora kwenye mlango wa stoo bikari iliyotanua miguu, chini yake skwea niliyoipiga kwa rula ya karakana, na katikati jicho lenye kope tano. Kope sikuziona kwenye daftari la Tarumbeta, lakini niliona Frimasoni nao wanastahili urembo kidogo. Nilitegemea atapiga kelele dakika arobaini, tukose kipindi chake, tucheke hadi jioni, yaishe.

Matroni ndiye aliyeuona mchoro kwanza. Alikuja kuazima nyundo, akatoka akipiga yowe bila nyundo. Tarumbeta akafika mbio. Nami nilikuwepo, nimejipanga mstari wa mbele na uso wa mshangao niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililopaswa kunishtua. Alisimama mbele ya ule mlango, mikono ameikunja kifuani, macho yamelegea, kama baba anayeonyeshwa mtoto mchanga wa kwanza.

"Hatimaye," alisema. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kipaza kimezimwa.

Mtu akimtafuta adui kwa wiki kumi na moja halafu akampata, haoni hasira. Anaona raha. Mimi sikulijua hilo, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kujiona mjanja.

Akaufunika mlango kwa shuka ya meza ya kanisa, asije mtu akaambukizwa, kisha akamwita Fundi kutoka kwake aje aung'oe. Fundi akaja anatafuna tonge la mwisho. Alitoa bawaba moja baada ya nyingine, skrubu akazitia kwenye kopo la maziwa, juu yake akaandika kwa penseli "mlango wa stoo".

"Niurudishe lini, Mchungaji?"

"Utajua," alisema Tarumbeta.

Na hapo, kwa jinsi alivyomtazama yule mtu kuanzia viatu hadi penseli ya sikioni, nikaelewa kwamba mzaha wangu ulikuwa umepata mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi.

Fundi alikuwa ndiye aliyetufundisha useremala vipindi viwili kwa wiki, na saa zilizobaki alitengeneza kila kitu ambacho wasichana mia tatu wanaweza kukivunja. Muhula huo alikuwa akiunda vitanda thelathini na viwili vya bweni jipya. Aliishi nyuma ya karakana, katika nyumba ya shule yenye vyumba viwili, pamoja na mkewe aliyeshona majoho ya kwaya, na binti yao wa miaka minne. Kibinti yule alishinda chini ya meza ya kazi akiokota maranda yanayojikunja kutoka kwenye randa, akiyatundika masikioni kama hereni. Kila aliyeingia alitakiwa amwambie kwamba amependeza. Usipomwambia, hupiti.

Kesho yake iliundwa Kamati ya Ulinzi wa Roho. Wajumbe walikuwa Tarumbeta, Matroni, Dada Mkuu wa wanafunzi, Nukta, na mimi, niliyeteuliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu. Ndiyo, mimi. Mwizi aliitwa alinde duka, akapewa na kalamu.

Tulikutana saa tisa alasiri katika chumba cha nyuma cha kanisa, kati ya mabenchi mabovu na vyombo vya maua ya plastiki. Tarumbeta alifunga mlango. Kisha akafunga mapazia. Kisha, kwa kuwa hatukuonana, akawasha mishumaa miwili. Akatuagiza tuweke mkono wa kushoto juu ya Kitabu na wa kulia kifuani, tumfuatishe:

"Naapa kwamba yote nitakayoyasikia humu, ambayo bado sijayasikia, sitayafichua kwa mama, kwa baba, kwa dada wala kwa rafiki. Nikiyafichua, ulimi wangu na ukauke."

Nukta alinyoosha mkono ule wa kifuani.

"Samahani, Mchungaji. Hatukusema Jumapili kwamba dhambi yenyewe ndiyo hii? Kuapia siri kabla hujaijua?"

"Wao wanaapa gizani, binti. Sisi tunaapa katika nuru."

Nukta alitazama mapazia. Akatazama mishumaa. Akaapa.

Nami niliapa. Nilijiambia naapa kwa mzaha, lakini sauti yangu niliisikia ikitoka nzito na nzuri, na ukweli ni kwamba ilinipendeza. Mama yangu ni mkunga. Hajawahi kuapa kuhusu lolote, na anatembea na siri za nusu ya mji wetu kama anavyotembea na mwavuli. Nilikumbuka hilo nikiwa nimeshika Kitabu, nikalisukuma pembeni.

Ili wasaliti wasipenye, kikao cha pili kilikuwa na utaratibu wa kuingia: kubisha mara tatu, halafu neno la siri, ambalo kwa sasa kiapo kinanizuia kulitaja. Kikao hicho Matroni alichelewa. Tukasikia ngo, ngo, ngo.

"Nani?" aliuliza Tarumbeta.

"Mimi Matroni."

"Neno?"

Tukasikia kikohozi.

"Mchungaji, nimelisahau. Lakini si unanisikia? Ni mimi."

"Hata adui anaweza kusema ni mimi."

"Adui gani ana kikohozi changu? Fungua bwana, nimeacha nguo za kamba nzima nje na mvua hiyo inakuja!"

"Neno, Matroni."

Alikwenda zake kuanua nguo. Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika: mjumbe mmoja ameshindwa kujitambulisha.

Kumbukumbu hizo zilikuwa fahari yangu. Nilinunua daftari gumu, nikapiga majedwali kwa rula, safu tatu: Ushahidi, Aliyeuleta, Maana Yake. Na ushahidi ulimiminika. Fundi ana skwea tatu. Fundi ana bikari ya chuma kubwa kuliko zote. Fundi anavaa aproni ya ngozi, na wao, alisema Tarumbeta akigonga daftari lake jekundu, nao huvaa aproni. Matroni, aliyekuwa amesamehewa, alieleza kwamba kabati alilotengenezewa na Fundi, droo yake ya tatu hujifungua yenyewe. Na kubwa kuliko yote, mkono. Fundi alikatwa nusu ya kidole cha shahada na msumeno wa mashine miaka mingi iliyopita, kwa hiyo akikupa mkono unahisi kitu hakijakamilika.

"Salamu ya siri!" alisema Tarumbeta, mshumaa ukayumba. "Amenipa salamu hiyo mwaka mzima, nami sikujua!"

"Lakini si kidole kimekatika?" aliuliza Nukta.

"Na kwa nini kikatike hicho, kisikatike kingine?"

Niliandika yote. Kwenye safu ya Maana Yake niliandika kwa herufi za kupendeza: Haina shaka.

Kilichoniudhi wiki ile, na bado kinaniudhi, ni kwamba Tarumbeta hakuwa mwongo. Mwongo ningemweza. Yeye aliamini kila neno, na kadiri alivyoamini ndivyo alivyozidi kufanana na kile alichokuwa akikikimbia, hadi ilibaki aproni tu. Mjinga aliyefunga mapazia ili aseme dhidi ya mapazia. Na katibu wake, aliyejua, akimnyooshea mistari.

Jumanne iliyofuata tulikuwa na kipindi cha useremala. Stoo ilikuwa wazi kama kinywa kisicho na meno. Kibinti alinizuia na hereni zake za maranda, nikamwambia amependeza, nikapita. Nilikuwa nikipiga mstari wa kukatia ubao Fundi alipoinama begani kwangu.

"Kidole gumba, binti. Kinasukuma rula. Muhula mzima nakwambia. Pembe yako inaegemea kushoto kama mtu aliyechoka."

"Ndiyo, Fundi." Nikajitia kuuliza kama mtu asiye na haja. "Fundi, wewe hao Frimasoni unawaonaje?"

Alipuliza vumbi la mbao kwenye ubao wangu.

"Siwapendi."

"Kwa sababu ya Mchungaji?"

"Mchungaji amenikuta nalo neno hilo, nililibeba kabla yake. Kule ninakosali sisi hatuapi kabisa. Hata mahakamani baba yangu alikataa, akasema nitasema kweli, mkitaka msikilize. Mtu akiniambia niape kwanza, halafu ndipo anieleze ninaapia nini, mimi nachukua kofia yangu. Kama jambo ni jema, mlango umefungiwa nini? Na kama ni baya, niliapie nini?" Alichomoa penseli sikioni, akaweka alama ndogo kwenye mstari wangu. "Imani ni kama kiungo cha ubao. Unatakiwa uweze kukigeuza mchana kweupe, mtu akaona kimeingiaje. Haya, rudia pembe hiyo."

Katika wiki kumi na moja za kipaza sikuwa nimesikia hoja moja dhidi ya Frimasoni iliyonifanya niache kucheka. Hiyo ilichukua muda wa kuchonga penseli. Na aliyeitoa ndiye tuliyekuwa tukimwandikia kesi ya Ufrimasoni.

Jioni ile ile uamuzi ulitoka. Tarumbeta alikuwa amewaandikia wazazi, wazazi wakaanza kupiga simu, na Mwalimu Mkuu, mwanamke mwenye miwani miwili na subira moja, akachoka. Ijumaa asubuhi, mbele ya shule nzima, Fundi ataapa kwamba yeye si Frimasoni, na mambo yataisha. Asipoapa, ataondoka kazini mwisho wa mwezi, na nyumba ataiacha.

Mwalimu Mkuu alidhani ametafuta njia nyepesi. Kuna mtu gani asiyeweza kuapa? Shule nzima, ni mimi tu niliyejua yupo mmoja.

Nukta naye alijua jambo jingine, akalitoa kesho yake. Usiku? Hapana, mchana kweupe, tukifua soksi kwenye bomba la nyuma ya bweni.

"Kope tano," alisema bila kuinua uso.

"Nini?"

"Jicho la mlangoni. Matroni amehadithia kope tano. Wewe kila jicho unalochora lina kope tano. Lile la kwenye daftari la jiografia hata ulilipaka wanja."

"Nukta, tumeapa."

"Tumeapa tusitoe ya kwenye kamati. Mlango si wa kwenye kamati. Mlango ni wako."

"Ukisema nitafukuzwa."

"Sijasema nitasema." Akakamua soksi. "Yule mtoto ukimpita bila kumsifia analia, unajua? Sijui huko watakakokwenda kama watu wana muda huo."

Nikamjibu, kwa ile sauti yangu nzito na nzuri, kwamba mtu aliyeapa hana ruhusa. Na nikiwa nayasema nikagundua kiapo kinafaa nini hasa: kinampa mwoga sababu yenye heshima. Nililala juu ya sababu hiyo siku mbili na ilikuwa laini.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Jukwaani kulikuwa na mlango wa stoo umelazwa juu ya madawati mawili kama maiti, umefunikwa shuka. Kamati ilikaa kando yake, nami kwenye meza ya katibu na daftari langu gumu wazi mbele yangu. Fundi aliitwa. Akapanda na aproni yake, gundi imemkauka vidoleni, skwea kwenye mfuko wa aproni na penseli sikioni. Mkewe alisimama mlangoni mwa ukumbi na Kibinti mgongoni, ingawa Kibinti alishapita umri wa kubebwa.

Tarumbeta aliwasha kipaza. Kikapiga mluzi.

"Weka mkono juu ya Kitabu!"

"Mchungaji, niko hapa karibu," alisema Fundi. "Nakusikia."

Wasichana walicheka. Tarumbeta akakizima.

"Weka mkono, uape."

"Siapi."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Tarumbeta aligeuka kwetu, mikono juu.

"Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Kwa nini anaogopa kuapa?"

"Siogopi. Jumapili kumi na moja umesema wenye kuapa ni wao. Nilikaa nyuma pale, nikaitikia amina kila mara."

"Hicho ni kiapo kibaya! Hiki ni kizuri!"

"Mimi sina vya aina mbili, Mchungaji. Sina hata kimoja."

Mwalimu Mkuu aliingilia. "Basi sema tu, Fundi. Wewe ni Frimasoni?"

"Hapana, Mwalimu."

"Bila kiapo!" alisema Tarumbeta. "Neno lake lina uzito gani bila kiapo?"

Fundi alimtazama kwa upole ulionichoma mimi badala yake.

"Nilikwambia mimbari yako itakuwa tayari Jumamosi. Ilikuwa tayari?"

Tarumbeta alisita. "Ilikuwa."

"Nilikuapia?"

Tarumbeta akavuta shuka.

Wa mbele waliinuka, wa nyuma wakapanda madawati. Fundi alikuwa hajawahi kuuona mchoro ule. Akausogelea, akauinamia. Na hapo alifanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote aliyeshtakiwa hivyo asingelifanya. Alitoa skwea mfukoni, akailaza juu ya mchoro, akachomoa penseli sikioni, akaanza kusahihisha.

"Hii si pembe ya skwea," alisema, kama yuko karakana. "Ina nyuzi themanini na saba. Huyu, kidole gumba chake kinasukuma rula, inamtelezea kushoto. Muhula mzima nam..."

Penseli ikasimama juu ya mstari.

Hakunitazama. Nilimwona akizuia shingo yake isigeuke, nikaona jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu. Penseli akairudisha sikioni polepole.

"Nam nini?" aliuliza Mwalimu Mkuu. "Unamjua aliyechora?"

"Naijua kazi."

"Basi mtaje!" alisema Tarumbeta. "Kama si wewe, mtaje!"

"Simtaji."

"Fundi," Mwalimu Mkuu alisema, "ni kazi yako hii, na nyumba yako. Kwa nini usimtaje?"

"Ana mdomo wake."

Akaanza kufungua kamba za aproni. Aliikunja mara mbili, akaiweka juu ya mlango, juu ya jicho langu la kope tano, na juu ya aproni akaweka funguo za karakana.

"Kitanda cha kumi na saba kina gundi mbichi, Mwalimu. Jiliwa zinazokibana zitolewe kabla ya saa sita, si baada. Zikikaa zitaacha alama. Na skrubu za mlango huu ziko kwenye kopo la maziwa, nimeandika juu."

Hakuapa, hakuahidi, hakufunga pazia lolote. Siri yangu aliipata dakika ile ile na akaifunga dakika ile ile, kwa bei ya paa lake, mbele ya watu mia tatu. Mimi nilikuwa na kiapo, mishumaa miwili na daftari gumu.

Nilitakiwa nisimame wakati huo. Ningependa kuandika kwamba nilisimama. Nilishika kalamu, nikaandika: Mtuhumiwa amekabidhi funguo.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Nilisikia miwani yake ikibadilishana pua. Mkono wake ukapita juu ya bega langu, ukaichukua skwea pale juu ya mlango, ukailaza juu ya jedwali langu. Ushahidi, Aliyeuleta, Maana Yake. Mistari yote mitatu iliinama kushoto, kwa pamoja, kama watu waliochoka.

"Katibu," alisema taratibu. "Majedwali haya umeyapiga wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kuna jambo unataka kusema?"

Na Tarumbeta, Mungu ambariki, aliyekuwa bado hajaelewa lolote, akaruka.

"Katibu! Kumbuka kiapo chako!"

"Kiapo gani?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

Dada Mkuu alitazama viatu vyake. Matroni akakohoa kile kikohozi ambacho adui hana.

"Katibu, nimeuliza. Kiapo gani?"

Nikasimama. Nikasema kila kitu, ulimi ukiwa na maji ya kutosha: mlango kufungwa, mapazia, mishumaa saa tisa alasiri, mkono kifuani, yale ya kutomwambia mama. Nilipofika kwenye kubisha mara tatu na neno la siri, vicheko vilianza safu za nyuma.

"Mlikuwa na neno la siri?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Neno gani?"

"Uwazi."

Ukumbi ulilipuka. Kuna walioanguka kutoka kwenye madawati, na wengine walijiangusha ili wasipitwe. Tarumbeta alikuwa amekishika kipaza kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyeokota paka. Hicho ndicho nilichokuwa nimekitaka tangu ile Jumanne, tena kimekuja kikubwa kuliko nilivyothubutu kuota. Ningeweza kukaa. Wangesahau mlango. Wangenibeba hadi bwenini.

Lakini Fundi hakuwa akicheka. Alikuwa akitazama kidole gumba changu, kilichokuwa bado kimebana ukingo wa daftari, kinasukuma.

"Mlango niliuchora mimi," nilisema. Hakuna aliyesikia, ikabidi nirudie kwa nguvu, na kusema jambo kama hilo mara mbili ni kubaya kuliko mara moja. "Mlango niliuchora mimi! Jumanne ile, saa saba na nusu, Fundi alikuwa kwake anakula. Hakuna Frimasoni. Kuna mimi. Na wiki nzima nimeandika uongo juu yake nikijua ni uongo, kila mstari."

Vicheko vilikatika safu kwa safu, kutoka mbele kwenda nyuma. Mlangoni, mama yake Kibinti alimshusha mtoto chini. Tarumbeta aligeuka akaketi kwenye benchi lililovunjika mguu, nalo likamtupa upande.

Nilimgeukia Fundi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, mazito na mazuri, lakini yaliyotoka ni haya:

"Na bikari sikuwa nayo, Fundi. Zilikuwa kwenye ndoo ya Mchungaji. Duara la jicho nililichora kwa mkono."

Akaivuta aproni yake kutoka juu ya mlango, ili alione jicho vizuri.

"Nikashangaa," alisema. "Duara gani limekuwa yai."